Kutoka C2 Mpaka Wapi

Siku ya kugawana, sanduku lilizidi.
Lingepungua, tungejua la kufanya:
tungetazamana, tungeapa, tungemtafuta mtu.
Lilizidi franka elfu thelathini,
na mama wote wa sambaza wa Kadutu wakanyamaza
kama waliosikia hodi kutoka ndani ya kabati.

Mashine ya parokia ilisema elfu mia tatu.
Mikono yetu ilihesabu mara mbili, mara tatu,
noti za mia tano zenye harufu ya samaki:
elfu mia tatu na thelathini.
"Ni sadaka ya mtu," akasema mweka hazina.
"Ni mtego," akasema M'Cirhuza, akakunja miguu.
Prezida akapiga makofi: tununue viti!
Tukakubali viti. Vya plastiki, vya bluu.

Nyuma, karibu na mlango,
wanawake watatu walikuwa wamesimama.

Mwandishi wa kikundi ni mimi. Ni mimi niliyeandika,
mwezi wa kwanza, kwa kidole kimoja,

=SOMME(C2:C31)

nikajisifu. Tulikuwa thelathini.
Nilipigilia msumari pale kwenye thelathini na moja,
nikadhani nimemaliza ukuta wa nyumba.
Nsimire alikuja na mvua, toka Kalehe: mstari wa 32.
Nankafu, mdogo wake: 33.
Cito, mwenye mtoto mgongoni: 34.
Niliwaandika vizuri, kwa herufi kubwa,
makuta yao nikayapanga safu ya C kama ya wote,
na jumla ikawapita kila Jumamosi
kama jirani anayekujua asiyekusalimu.

Tulitaka kununua viti
kwa makuta ya watu waliosimama.

Usiku ule nilipanda Nyawera kwa Murhula, fundi wa simu.
Umeme ulikuwa umeenda zake,
betri imebaki asilimia kumi na tisa; akafundisha haraka.
"Shangazi, usiandike mwisho.
Andika mahali ambapo mwisho unakaa."
Akachagua kisanduku kitupu, F1, akaweka humo

=NBVAL(A:A)

"Hiki kinahesabu majina, na kichwa cha safu pamoja nayo.
Jina likiingia, kinapanda.
Sasa ile jumla yako itume ikaulize hapo."

=SOMME(INDIRECT("C2:C"&F1))

Ile alama iliyojikunja kama utumbo wa kuku
inashona herufi na namba, C na 34.
Bado ni maneno tu, hayajui njia;
INDIRECT huyashika mkono, huyafikisha mlangoni.
Nikabonyeza. Elfu mia tatu na thelathini.
Nililia kidogo. Murhula akadhani ni moshi wa koroboi.

Viti havikununuliwa.
Nsimire alipokea elfu kumi yake, akaihesabu mbele yangu,
hakusema asante, na haki ilikuwa yake.

Mwezi wa tisa akafa Mama Vumilia, mstari wa 12,
aliyekuwa akilipa kwa sarafu za zamani akitutania.
Nilifuta jina lake usiku, taratibu,
nikaacha mstari mweupe.
Jumamosi sanduku likazidi tena.
F1 ilikuwa imeshuka: thelathini na tatu.
Aliyekufa ni wa mstari wa kumi na mbili,
aliyepotea ni Cito, wa mwisho.

Ningeweza kuung'oa mstari mzima;
Murhula alishanionyesha, ni kubonyeza mara mbili.
Nilikaa nikitazama ile nafasi mpaka chai ikapoa.
Kisha nikarudisha jina, Vumilia, herufi kwa herufi,
na mbele yake sifuri.
F1 ikapanda. Cito akarudi.

Sifuri ile iko pale hata leo.
Kila Jumamosi tunaijumlisha.